Injini ikizima karibu na uwanja: mwongozo kamili kwa rubani wa ndege ndogo

Ndege ya injini moja ikizima angani haidondoki kama embe lililoiva. Inaendelea kuruka, ila kuanzia hapo kila hatua ya kwenda mbele inalipiwa kwa kimo. Cessna 172S ikishikiliwa kwenye noti 68 (maili za baharini kwa saa), flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa juu, inasonga mbele takriban futi 9 kwa kila futi 1 inayoshuka. Kutoka futi 1,000 juu ya ardhi, hewa ikiwa tulivu, unapata kama maili 1.5 za baharini na muda wa dakika moja na ushei. Muda huo hautoshi kuanza kufikiri upya. Kinachokuokoa ni yale uliyoyaamua ukiwa bado chini, injini ikinguruma vizuri.

Namba za humu ni za 172S yenye injini ya Lycoming IO-360-L2A ya nguvu farasi 180, ikiwa imejazwa hadi uzito wake wa juu. Pale inapozungumzwa kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, ni 172 za zamani, ambazo bado ni nyingi katika shule za urubani. Ukirusha ndege nyingine, kitabu chake ndicho hakimu: badilisha namba, mpangilio wa hatua utabaki uleule.

Kabla ya kuwasha

Injini hizi hazizimi ovyo. Zinapozima, mara nyingi zimekosa mafuta, hewa au cheche, na mafuta ndiyo mtuhumiwa wa kwanza: yameisha, yameingia maji, au yamo tangini lakini hayafiki. Kwa hiyo ukaguzi wa mafuta ndio hatua ya kwanza ya kushughulikia hitilafu ya angani, hata kama unaufanya umesimama juu ya lami.

1. Panda ngazi, fungua kifuniko cha kila tangi, pima kwa kijiti. Geji za mafuta za ndege ndogo si za kuaminiwa. 172S inabeba galoni 56 za Kimarekani, 53 tu ndizo zinazotumika.

2. Chuja mafuta kutoka kila bomba la chini. 172S inayo 13: matano kila bawa na matatu chini ya tumbo la ndege na injini. Wengi huchuja mawili matatu wakaridhika. Baada ya mvua ya usiku, hasa kama mpira wa kifuniko umekauka, chuja yote.

3. Inua kichupa kwenye mwanga. Avgas 100LL ni ya buluu. Maji hukaa chini, na mstari wa kuyatenganisha huonekana. Mtego uko hapa: kichupa kikijaa maji matupu hakuna mstari wowote, na mtu mwenye haraka huona kitu safi akaridhika. Tazama rangi, nusa, kisha mimina tone moja kwenye kiganja. Avgas hukauka upesi na kuacha ubaridi, maji hubaki. Ukiona rangi ya majani makavu na mguso wa mafutamafuta, kuna mtu ametia Jet A-1, usiwashe.

4. Angalia kibomba cha kupitishia hewa ya tangi, chini ya bawa la kushoto karibu na mhimili. Nyigu wa udongo hupenda sana vitundu vya namna hii, na ndege iliyokaa wiki moja bila kuruka inaweza kuwa tayari imezibwa. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki. Injini itawaka, itakwenda hadi njia ya kurukia, itaruka, ndipo ife.

5. Pima oili. Chombo hubeba kwati 8. Chini ya 5 usiruke.

6. Kwenye kupasha injini, weka mizunguko 1,800 kwa dakika ujaribu magneto, vile vifaa viwili vinavyotoa cheche, moja moja. Kila moja isishushe zaidi ya mizunguko 150, na tofauti kati yao isizidi 50. Magneto isiposhusha chochote, usifurahi: huenda waya wake wa kuzimia umekatika, na propela inaweza kurusha mtu hata funguo ikiwa mfukoni mwako.

Miksha: mtego wa pwani na bara

Hili linastahili nafasi yake, kwa sababu Afrika Mashariki rubani huondoka usawa wa bahari asubuhi na kutua zaidi ya futi 5,000 kabla ya chakula cha mchana. Dar es Salaam au Malindi unaruka miksha, kidhibiti cha kiasi cha mafuta yanayochanganywa na hewa, ikiwa imesukumwa ndani kabisa. Ukifanya vivyo hivyo Wilson, uwanja wa Nairobi ulio karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa nyepesi haitoshi kuchoma mafuta yote hayo. Injini inakohoa, inatoa moshi, inakosa nguvu, nawe utadhani imeharibika kumbe umeizamisha kwa mafuta. Cessna inaelekeza kwamba juu ya futi 3,000 ukandamize throtoli, kidhibiti cha nguvu ya injini, yote ukiwa umesimama, uvute miksha taratibu hadi mizunguko ifike kileleni, ndipo uruke hivyo.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Unashuka kutoka bara kwenda pwani na miksha uliyoipunguza juu, throtoli ikiwa nyuma, injini inazunguka bila shida. Kwenye fainali, kipande cha mwisho ukiwa umenyooka na njia, unaambiwa uahirishe kutua. Unasukuma throtoli yote, hewa nzito inajaa, mafuta hayatoshi, injini inakata kwenye futi 200. Ingiza miksha kidogo kidogo kila futi 1,000 unazoshuka, na kabla ya kuingia mzunguko wa uwanja, ile njia ya kuuzunguka uwanja kabla ya kutua, hakikisha iko mahali pake.

Maneno ya kusema kabla ya kuruka

Ukiwa umesimama mwanzo wa njia, sema kwa sauti, hata kama uko peke yako. Mfano:

"Upepo unatoka mbele kushoto, noti 8. Ikikataa kabla sijanyanyuka: throtoli nyuma, breki. Ikizima na njia bado ipo mbele: pua chini, natua papo hapo. Njia ikiwa imekwisha na niko chini ya futi 800: natua mbele, kulia kidogo, kwenye uwanda ulio baada ya barabara. Juu ya 800, tayari nimegeuka upande wa upepo: naweza kufikiria kurudi."

Futi 800 hapo ni mfano. Namba yako utaipata kwa njia iliyoelezwa chini. Na hiyo "kulia kidogo, uwanda baada ya barabara" lazima iwe sehemu halisi uliyoitazama. Wilson, kwa mfano, kusini mwake kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na pande nyingine ni nyumba juu ya nyumba. Njia unayorukia inabadilisha kabisa jibu. Kwenye uwanja mgeni, tazama picha ya setilaiti usiku wa kuamkia safari.

Ikikataa bado uko ardhini

Throtoli ikiwa mbele yote, tupa jicho mara tatu: mizunguko (172S iliyosimama inatakiwa kutoa 2,300 hadi 2,400 usawa wa bahari), shinikizo la oili liwe kwenye kijani, na kipima kasi kiwe kimeanza kupanda. Kimoja kikikosekana, rudisha throtoli nyuma yote, piga breki, pandisha flapu ili uzito uangukie magurudumu, vuta miksha, zima magneto, zima swichi kuu. Usijipe nafasi ya "labda itachangamka." Kuahirisha kuruka kunagharimu dakika kumi na aibu kidogo.

Ikizima baada ya kunyanyuka

Ndege inayopanda ina pua juu na kasi ndogo. Nguvu ikikatika, kasi huyeyuka ndani ya sekunde chache. Mtu wa kawaida anachukua kama sekunde 4 kuamini kilichotokea, na katika sekunde hizo mkono wake huvuta usukani nyuma, kwa sababu ardhi inakuja. Hapo ndipo bawa linapopoteza unyanyuko, yaani ndege inastoli, na kwenye futi 300 hakuna nafasi ya kuirekebisha.

1. Sukuma pua chini. Si kuiachia tu; isukume kwa nguvu hadi uone ardhi zaidi kuliko ulivyozoea. Kasi: noti 70 flapu zikiwa juu, 65 zikiwa chini.

2. Chagua mahali mbele yako, ndani ya digrii 30 kila upande, au 45 kama ni lazima. Ukishachagua, usibadilishe. Waliohama shamba la pili kwenda la tatu mara nyingi hawakulifikia lolote.

3. Muda ukiruhusu, jambo moja la kuiwasha tena: pampu ya umeme ya mafuta, au kwa ndege ya kabureta, joto la kabureta na kubadilisha tangi. Chini ya futi 500 ruka hatua hii.

4. Fungia moto: miksha nje, valvu ya kufungia mafuta ivutwe, magneto zimwe.

5. Flapu kadiri unavyohitaji. 30 unapokuwa na hakika ya kufika. Flapu za 172S ni za umeme, kwa hiyo swichi kuu izimwe baada ya flapu, si kabla.

6. Fungua kitasa cha mlango kabla ya kugusa ardhi. Fremu ikipinda, mlango uliofungwa haufunguki tena.

7. Irushe ndege hadi kipande cha mwisho kisimame.

Redio haimo kwenye orodha hiyo, na haikusahaulika. Kwenye futi 400 hakuna mtu wa mnara atakayekusaidia kabla hujagusa ardhi, naye anakuona. Ukiwa na futi 1,000 na zaidi, na ndege imetulia kwenye kasi yake, ita: "Mayday" mara tatu, alama ya ndege, injini imezima, unatua wapi, watu wangapi ndani. Baki kwenye masafa ya mnara uliokuwa ukiongea nao, 121.5, masafa ya dharura, na msimbo 7700 wa transponda ni za aliye mbali asiyezungumza na mtu. Ulimi wa Kiingereza ukigoma, sema kwa Kiswahili. Wa Dar au Wilson atakuelewa.

Kurudi au kutorudi: hesabu yenyewe

Kishawishi cha kugeuka na kurudi kwenye lami uliyotoka kimeua marubani wengi, wakiwemo wenye uzoefu mkubwa. Tatizo ni jiometria.

Kwanza, si nusu duara. Ukigeuka digrii 180 utajikuta unakwenda sambamba na njia, pembeni yake. Ili uipate lazima ugeuke kama 225 upande mmoja kisha 45 upande mwingine, jumla 270.

Pili, mlalo wa bawa unapandisha kasi ya kustoli. 172S bila flapu inastoli noti 48 ikiwa sawa, 57 ikilazwa digrii 45, na 68 ikilazwa digrii 60. Tazama hiyo ya mwisho: ni ileile kasi ya kuteleza, yaani ya kushuka bila injini. Anayezidisha mlalo ili awahi huku akishikilia 68 tayari yuko ukingoni. Na akisaidia mzunguko kwa kukanyaga padeli ya usukani wa mkia, bawa la ndani linastoli kwanza, ndege inajigeuza chali.

Tatu, ndilo wengi hawalipigii hesabu: pembe ya kupanda dhidi ya pembe ya kuteleza. Pwani, kwa joto la digrii 30, 172S iliyojaa inapanda karibu futi 675 kwa dakika kwa noti 74. Hiyo ni kama futi 11 za mbele kwa kila futi 1 ya juu. Kushuka ni 9 kwa 1. Yaani hata bila kuhesabu mzunguko, njia uliyopandia ni ndefu kuliko uwezo wako wa kurudi. Kinachookoa pwani ni urefu wa lami: Dar es Salaam ina mita 3,000. Ukinyanyuka baada ya mita 300 na kupanda hivyo, unapita mwisho wa njia ukiwa na karibu futi 800. Sehemu kubwa ya muda wa hatari, lami bado iko chini yako au nyuma kidogo.

Sasa hamia Wilson, joto la digrii 25. Hewa hiyo ndege inaiona kama iko futi 8,000. Kupanda kumeshuka hadi kama futi 450 kwa dakika, na kasi halisi imepanda hadi noti 82 hivi ingawa kipima kasi kinaonyesha 73. Matokeo: futi 18 za mbele kwa kila futi 1 ya juu. Lami ni kama mita 1,500, na zaidi ya 500 umeshazitumia kunyanyuka. Unapita mwisho wake ukiwa na futi 150 hadi 200 tu. Ukiendelea moja kwa moja, kila sekunde unayopanda inakuweka mbali zaidi na uwezo wa kurudi, si karibu. Kwenye viwanja vya bara, kurudi kunawezekana tu baada ya kuwa umegeuka kwenye mzunguko wa uwanja. Anayesema "nikifika futi 1,000 narudi" bila kujali yuko Zanzibar au Arusha amenakili namba ya mtu mwingine.

Upepo wa mbele unasaidia: unapanda wima zaidi kuhusu ardhi, na ukirudi unakusukuma. Lakini unatua nao mgongoni. Upepo wa noti 15 unabadilisha kasi ya ardhini kutoka 50 hadi 80 kwa kipima kasi kilekile cha 65, na macho yatakudanganya kwamba unakwenda haraka mno. Utavuta pua, utastoli.

Namba yako mwenyewe ipate hivi, ukiwa na mwalimu, futi 3,000 au zaidi juu ya ardhi. Panda kwa kasi ya kupanda, rudisha throtoli nyuma, hesabu sekunde 4 bila kufanya lolote zaidi ya kuiacha pua ishuke. Kisha laza bawa digrii 45, shikilia noti 70, geuka 270 jumla, nyoosha. Soma altimita, kipimo cha kimo. Hesabu ya karatasi inatoa futi 350 hadi 450. Mkono wa kawaida hupoteza zaidi. Rudia mara tatu, chukua mbaya zaidi, ongeza nusu yake. Hicho ndicho kimo cha chini kabisa, na bado hakijumuishi umbali wa kurudi. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilihimiza kutua mbele tu, sasa inataka wakufunzi wafundishe kurudi na lini kusirudiwe. Ni sawa, kwa sababu kukataza bila kuonyesha hakujazuia mtu.

Santa Monica, 5 Machi 2015, mwigizaji Harrison Ford alipoteza nguvu ya injini baada ya kuruka na ndege ya zamani ya Ryan. Aliomba kurudi, akaona hafiki, akaiteremsha kwenye uwanja wa gofu. Aliumia lakini aliishi, na hakuna aliyekuwa chini aliyedhurika. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, walikuta kijisehemu cha kupimia mafuta ndani ya kabureta kimefunguka kutoka mahali pake. Walikuta pia mkanda wa bega haukufungwa sawasawa kwenye ndege, na hilo lilizidisha majeraha. Mkanda wa bega, basi, nao ni wa kukaguliwa hadi pale unaposhikizwa.

Injini inayokohoa: mbaya kuliko iliyokufa

ATSB, bodi ya usalama wa uchukuzi ya Australia, ilihesabu matukio ya ndege za injini moja baada ya kuruka, 2000 hadi 2010. Injini kuzima kabisa: 75, hakuna hata moja lililoua. Injini kupungua nguvu tu: 242, na 9 yaliua. Sababu si ngumu. Iliyokufa inakuondolea uchaguzi. Unasukuma pua na kutua. Inayokohoa inakupa matumaini, nawe unaivuta ndege irudi kwa nguvu nusu, kasi inashuka kidogo kidogo huku umetega sikio kwenye injini.

Ichukulie kama itakufa sekunde yoyote. Pua chini, noti 70 ndizo za kulindwa hata ikimaanisha kushuka. Throtoli usiiguse kama inatoa nguvu inayokutosha, isipokuwa mtetemo ni mkali kiasi cha kutikisa dashibodi. Hapo punguza hadi itulie. Ikiwa unashikilia kimo, geuka kwa mlalo mdogo, digrii 15 hadi 20, ukipita juu ya mahali unapoweza kutua. Nguvu iliyobaki itumie kufika mahali pazuri zaidi tu.

Ukiwa na kimo na ndege imetulia, tafuta chanzo kwa mpangilio huu, ili mkono usirukeruke:

- *Mafuta:* valvu ya kufungia iwe imesukumwa ndani, swichi ya matangi kwenye yote mawili, pampu ya umeme iwashwe, miksha iingizwe. Ukiwa juu sana bara, ijaribu kuivuta pia, huenda imezidi.

- *Joto la kabureta, vuta lote.* Hii ni ya Zanzibar na Mombasa kuliko ya nchi za theluji, ingawa wengi hucheka wakisikia barafu kwenye joto la digrii 28. Mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta, hewa inaweza kupoa kwa zaidi ya digrii 30, na unyevu wa pwani unaganda kwenye koo lake, hasa throtoli ikiwa nyuma wakati wa kushuka. Dalili ya kwanza ni mizunguko kupungua polepole bila wewe kugusa kitu. Ukivuta joto, injini itatikisika zaidi kwa muda, kwa sababu inameza maji. Usilirudishe kwa hofu. Subiri, mizunguko itapanda. Nusu joto halifai.

- *Magneto:* hamisha kushoto, kisha kulia. Injini ikitulia kwenye mojawapo, baki hapo. Ikizima, rudisha zote mbili mara moja.

- *Oili:* shinikizo limeshuka lakini joto halijabadilika, huenda ni geji. Tua uwanja wa karibu. Shinikizo limeshuka na joto linapanda, injini inakaribia kukwama. Punguza nguvu na uchague shamba sasa.

Propela ikiendelea kuzunguka yenyewe hakuna haja ya kugusa starta.

Ikizimia kwenye mzunguko wa uwanja

Hapa ndipo pazuri pa kupatwa. Uko futi 1,000, sambamba na njia, mnara umeshakuambia zamu yako ya kutua. Shika noti 68, geuka kuelekea njia mara moja. Wanaoendelea mbele "ili kupanga fainali nzuri" huishia kwenye ua wa uwanja.

Lenga theluthi ya kwanza ya njia, si mwanzo wake. Ukizidi, lami bado ipo. Ukipungukiwa, kuna ukuta, mfereji au waya. Tazama kile kitu unacholenga kwenye kioo: kikipanda, hutafika; kikishuka, utapita; kikitulia, ndipo utakapogusa. Flapu ziache hadi uwe na uhakika, kwa sababu ukishazishusha huwezi kuzirudisha bila kuzama. Kimo kikizidi, pinda kidogo au telezesha ndege kwa ubavu, lakini kwenye 172 epuka kuteleza kwa ubavu kwingi flapu zikizidi digrii 20. Mkia huweza kuanza kuchezacheza.

Kidokezo kwa wanaorusha mizunguko mikubwa kama ya ndege za abiria: ikiwa huwezi kuifikia lami injini ikizima ukiwa sambamba nayo, umekwenda mbali mno.

Ukigusa mahali pasipo uwanja

Tua kuelekea upepo. Kwa kipima kasi cha 65, upepo wa noti 10 mbele unakupa kasi ya ardhini ya 55, mgongoni unakupa 75. Nishati inakua kwa mraba, kwa hiyo tofauti ni karibu mara 1.9. Na hauhitaji umbali mrefu kusimama ukiwa mzima: kutoka kilomita 80 kwa saa, kwa kupunguza mwendo sawasawa kwa nguvu ya 9 G, yaani mara tisa ya mvuto wa dunia, ni chini ya mita 3. Kinachoua ni kusimama ghafla.

Shamba la mkonge au mahindi, tua kufuata mistari. Mbugani, vichuguu ndivyo adui, na kutoka juu huonekana kama vivuli vidogo. Nyasi fupi zilizoliwa na mifugo ni afadhali kuliko nyasi ndefu zinazoficha. Waya za umeme hutaziona, tafuta nguzo. Miti ikiwa haiepukiki, pitisha pua katikati ya miwili, mabawa yachukue pigo. Uwanja wa mpira wenye watoto si uwanja.

Baharini, nje ya Zanzibar au Malindi, jaketi la kuokoa livaliwe kabla ya kuruka na lijazwe nje ya ndege tu. Tua sambamba na mawimbi makubwa, milango imefunguliwa, na tegemea magurudumu yaliyosimama kuipindua ndege. Mfundishe abiria kushika kitasa kwa mkono mmoja kabla ya kugusa maji, ili akiwa kichwa chini ajue mlango uko wapi.

Ikishasimama

Toka, abiria watangulie kwa nyuma, mbali na propela, mita 50 upande upepo unakotoka. Washa kitoa ishara cha 406 MHz kwa mkono kama hakikujiwasha. Hesabu watu. Piga simu.

Ukifanikiwa kutua kwenye njia na injini ikakubali kuwaka tena, usiruke. Iache, iite fundi, na usiruhusu mtu mwingine kuchuja wala kujaza mafuta. Chukua chupa safi ya kioo, na mbele ya shahidi chuja sampuli moja kutoka sehemu ya chini kabisa ya mfumo, ile iliyo chini ya injini. Ifunge, andika saa na alama ya ndege, mpe mchunguzi.